Paa la Bibi Ruthu

Jumatatu asubuhi fundi Athuman alifika Chikuyu, akaegemeza baiskeli kwenye rundo la kokoto, akatundika timazi, akaona ukuta umeshuka tena. Jumamosi alikuwa ameuacha kwenye lenta, juu ya madirisha. Sasa madirisha yote yalikuwa yameingia ardhini, na tofali la juu kabisa lilimfika gotini. Ukuta wenyewe ulikuwa umenyooka, hauna ufa hata wa kupitisha unywele. Loisi, mwenye nyumba, alipotokea na chupa ya chai, Athuman alimpa habari kama mtu anayesema mboga imeungua kidogo.

"Umeshuka, dada."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka hapa. Mchanga nao umekwisha, na saruji imepanda bei."

Loisi akamimina chai. "Tutaupandisha tena," alisema.

Hilo la bei ndilo lililomuuma. Mwaka ule ilikuwa ruksa tupu. Saruji iliyokuwa ikitafutwa kwa kibali na magoti sasa ilirundikwa mbele ya maduka, ilimradi una fedha. Na Loisi hakuwa na fedha za kusema. Alikuwa amepiga taipu wizarani tangu usichana wake, kisha akapunguzwa kazini, yeye na mashine yake, akapewa kiinua mgongo. Wenzake walinunua mashine za kusaga unga. Yeye akaenda kununua kiwanja Chikuyu, mtaa wa wakubwa, ambako hata mbwa ana mlinzi. Watu walisema mama wa watu amerukwa na akili.

Wasemaji hawakujua kwamba Loisi alizaliwa palepale. Kabla ramani ya mji haijafika, Chikuyu ilikuwa tembe na zizi, tembe na zizi, mpaka kwenye vilima. Tembe la bibi yake, Ruthu, lilikuwa refu, lenye paa bapa la udongo, na mambo mengi ya nyumba ile yalifanyika juu ya paa. Huko ndiko walikoanika mtama na mlenda. Huko ndiko watoto walikopanda wakati wa joto, wakalala chali wakibishana ni nyota ipi ya nani. Bibi, akiwa chini motoni, alisikiliza nyayo zao zikipita kichwani pake, akapaza sauti, "Shukeni! Mtanitobolea paa!" Hawakushuka, na paa halikutoboka. Loisi amelala kwenye magodoro mengi tangu hapo, ya sponji na ya pamba, na hakuna lililomlaza vile.

Halafu likaja tingatinga. Wenye tembe wakaambiwa wahamie ng'ambo ya korongo. Miti ilihesabiwa, ikalipwa fidia. Matembe hayakuhesabiwa, kwa kuwa yalikuwa udongo, na udongo ni wa serikali. Bibi Ruthu alifia huko ng'ambo, kwenye nyumba ya bati, akilalamikia makelele ya mvua. Akazikwa hukohuko. Hakukaa sana kaburini.

Masharti ya kiwanja yalikuwa mawili: nyumba iwe ya kisasa, na iwe imeezekwa kabla mvua hazijaanza. Ukishindwa, ofisi ya viwanja inampa mwingine. Loisi aliwahi kuondolewa pale akiwa mtoto amebebeshwa kuku, na aliapa kwamba safari hii haondoki, ng'o.

Basi wakaendelea. Athuman akipandisha, ukuta ukishuka. Nyumba za majirani hazikushuka. Wenyewe hawakuwa na mtu chini. Jirani mmoja, mke wa mkubwa fulani, alikuja kuangalia, akaomba tu malori ya mchanga yasipite mbele ya geti lake.

"Ardhi hii haijazoea nyumba ndefu," alisema Athuman, ambaye alikuwa mtu wa Busi, huko Kondoa, na aliheshimu tabia za ardhi. Loisi akauza cherehani. Ukuta ukashuka nayo. Akauza kabati la vyombo, kisha kitanda. Waliosema kujenga kunafilisi walisema kweli, lakini wao walijenga kwenda juu tu.

Jioni moja, Athuman akinawa miguu, harufu ya mlenda wa karanga ilipanda kutoka katikati ya kuta. Loisi alichukua ngazi ya fundi, akashuka ndani ya kile ambacho kwenye ramani kilikuwa sebule. Chini kabisa alikanyaga sakafu aliyoifahamu kwa nyayo kabla ya macho. Jiwe la kusagia lilikuwa mahali pake. Mafiga yalikuwa mahali pake, na bibi Ruthu nyuma ya moshi, akisonga ugali wa uwele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekawia." Bibi akapapasa ukuta. "Haya magumu ni nini?"

"Tofali za saruji, bibi. Najenga. Nimenunua kiwanja."

"Kipi?"

"Hiki."

"Kwa nani?"

Loisi akamtajia ofisi. Bibi Ruthu alicheka mpaka akapaliwa na moshi. Akafuta macho kwa ncha ya kaniki, akamwangalia mjukuu wake, akacheka tena. Loisi hakucheka. Aliona aibu, na nyuma ya aibu akaona hasira, na hakujua hasira ile ampelekee nani. Akanawa, akamega ugali. Utamu ulikuwa uleule, na hapo ndipo alipolia.

Tangu siku ile ukuta ulitulia. Ulikuwa umefika ulikokuwa ukienda. Mabati hayakununulika tena, kwa hiyo Athuman alilaza nguzo, akapanga fito, akakandika udongo mbichi juu, akashindilia. Mvua zilikuwa bado. Loisi alitazama paa lake, lililoinuka kutoka ardhini kiasi cha kukalia mtu, akafurahi kama bibi harusi.

Mkaguzi wa viwanja, bwana Wambura, alikuja na futi kamba. Alipima paa, akauliza nyumba iko wapi, akaonyeshwa ngazi. Huko chini alivua viatu. "Shikamoo, mama," alimwamkia bibi Ruthu, akaitikiwa, akakaribishwa, akala vizuri. Aligongagonga kuta na kuzisifu. Alipima vyumba vyote na kila kimoja kilikuwa kama ramani ilivyosema. Kisha akapanda juu, akakung'uta suruali.

"Mama, nyumba nimeiona. Ni nzuri kuliko yangu. Tatizo ni kwamba sisi tunapima kuanzia usawa wa ardhi kwenda juu."

"Na huko chini?"

"Huko chini hatujawahi kupima." Wambura alikuwa na huruma ya kweli, hata sauti aliishusha. "Na yule bibi, mama, kwenye kumbukumbu zetu alishahama."

Mvua ya kwanza iliponyesha, kiwanja kilikuwa cha Raphael, mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa. Alijenga ghorofa, vigae vyekundu, roshani mbili. Halikushuka hata kidole. Msingi wake ulikaa juu ya paa la udongo, na paa likaubeba.

Raphael si mtu mbaya, tumpe haki yake. Alitoboa sakafu ya stoo ili moshi upate pa kutokea na ngazi pa kupita, na akamruhusu Loisi, ambaye sasa amepanga chumba Majengo, aingie kwa mlango wa nyuma jioni akiwa na chumvi na kibaba cha uwele. Mkewe anaomba tu mlenda usipikwe siku za wageni.

Juzi Loisi alishuka, akamkuta bibi ameacha kusonga, mwiko mkononi, ameinua uso. Huko juu watoto wa Raphael walikuwa wakikimbizana.

"Nani hao wananikanyagia paa?"

"Watoto, bibi."

"Watoto wetu?"

Loisi alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Watoto tu, bibi."

"Waambie washuke. Watanitobolea, na nyumba hii ndiyo kwanza umeijenga."

Loisi akasema atawaambia. Akaosha sufuria, akapanda ngazi, akatoka kwa mlango wa nyuma kabla wenyewe hawajakaa mezani.