Wenye Jina la Kesila

"Kitendawili," alisema Bi Biubwa, vidole vyake vikiwa katikati ya nywele za mjukuu wake.

"Tega!"

"Ndugu wawili wanakaa jirani, tangu wazaliwe hawajatembeleana."

"Macho!" Firdausi alijibu kabla bibi hajafunga mdomo. "Bibi, hicho umekitega tangu sijaota meno."

"Leo kina jibu jingine. Tulia nikusuke, usiende kwa watu na kichwa kama kichaka."

Kwa watu kwenyewe ni Kibaha, na kwa mtu wa Kurui, Kibaha si karibu. Ni bodaboda mpaka barabara ya magari, halafu gari la kwanza, la pili na la tatu. Bi Biubwa alikuwa na uvimbe kwenye ini, na daktari alikwisha mwambia kwa upole kwamba dawa ya kumpa ni ya kutuliza maumivu tu, arudi nyumbani, akae karibu na watu wake. Maneno ya daktari hayakumtisha. Kilichomtisha ni hilo la mwisho. Watu wake ni nani? Mwanawe Mwanajuma alikwenda na uzazi, akamwachia kichanga hiki kinachosukwa. Baba wa mtoto aliaga anakwenda machimboni, mpaka leo. Upande wa mama yake Bi Biubwa ulikwisha kama mshumaa. Jirani yake Tatu ni mtu mwema, lakini mjane huyo naye analea wajukuu wa marehemu wanawe, wanalala miguu ya huyu kichwani kwa yule.

Kwa hiyo kilichobaki ni kutafuta mtu wa kumwachia Firdausi. Na wa kumwachia, kwa hesabu ya Bi Biubwa, walikuwa akina Kesila.

Habari yao ni hii. Zamani za Mjerumani palikuwa na mzungu aliyelima mpira Kurui, jina lake Kesila. Na kule Pangani, hii Pangani ya Kibaha, siyo ya Tanga, palikuwa na mzungu mwingine wa katani, naye Kesila. Kila mmoja alikuwa na shamba, na kila mmoja alizaa na binti wa hapo shambani. Vita ilipokuja wazungu waliondoka na masanduku yao, watoto hawakupakiwa. Mtoto wa Kurui ndiye Mzee Abeid Kesila, baba yake Bi Biubwa, mweupe kiasi, macho yake mepesi kama chai isiyokolea majani. Macho hayo alimwachia Bi Biubwa, yakamruka Mwanajuma, yakaja kutua kwa Firdausi.

Mzee Abeid alikuwa haachi kuwataja wa Pangani. "Wala panya wale! Siku nikifa fungeni mlango, watanibeba mimi na mkeka wangu!" Anasema hivyo anacheka mpaka anajifuta machozi. Biubwa mdogo akasikia, akaweka moyoni: nani humtukana mtu kwa mapenzi hivyo, kama si ndugu yake?

Na siku ya kuzikwa kwake lilitokea jambo. Wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo Biubwa alibaki uani na mama zake, analia chini ya ukuta. Mara wakaja wanaume mbio, mmoja anasema, "Mtu wa Pangani katumbukia kaburini! Kalala mle ndani, hataki kutoka!" Baadaye maiti ikateremshwa, watu wakarudi, mgeni yule akaondoka bila kuingia ndani. Biubwa hakumwona hata uso. Lakini maisha yake yote alilibeba neno lile kama hirizi. Yuko mtu Pangani aliyetaka kuzikwa pamoja na baba yake. Uchungu wa namna hiyo ni wa damu.

Basi mwaka huu Ashrafu wa bodaboda, aliyempeleka mteja Kibaha, alirudi na habari. "Bibi, pale kituo cha Picha ya Ndege nimeona duka la vifaa vya ujenzi, kibao kimeandikwa Kesila na Wanawe. Namba ya simu hii hapa." Bi Biubwa alipiga. Mwanamume akapokea, jina lake Fabian. "Kesila wa Kurui? Mama, mbona babu alikuwa akiwataja! Njooni, njooni, hapa ni nyumbani."

Bi Biubwa alimaliza kusuka, akambusu mtoto kisogoni. Akafunga jogoo miguu, akajitanda kanga yake mpya. Wakatoka.

*

Fabian Kesila alikuwa mtu mnene mwenye kalamu sikioni. Aliwaacha wateja wake wa misumari, akaja kuwapokea barabarani mwenyewe.

"Shikamoo mama. Na huyu ndiye mjukuu? Eh! Tazama macho haya! Evaline, njoo umwone mtoto wa kizungu!"

Evaline, mkewe, alitoka na soda mbili na tabasamu. Nyumba ilikuwa nyuma ya duka, ina vigae na makochi yenye vitambaa, na ukutani picha ya Bikira Maria. Bi Biubwa alikaa pembeni mwa kochi, kama mtu anayeogopa kulichafua. Alitazama huku na huku. Pale ni mahali pa kutandika godoro. Mlango ule labda ni wa chumba cha watoto. Shule iko hapo hapo ng'ambo, sauti za watoto zinasikika. Moyo wake ulianza kukaa.

"Shangazi Eugenia anakuja," Fabian alisema. "Ndiye aliyebaki katika wakubwa zetu. Mambo yote ya ukoo anayajua yeye, mimi naijua saruji tu."

Kikasikika kishindo cha fimbo. Akatokea bibi mfupi, meno hana, amejifunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda kulima. Bi Biubwa akainuka kwa heshima zote.

"Shikamoo, dada."

Bibi yule hakuitikia. Alimtazama juu mpaka chini, akapiga makofi mara moja.

"Nani kawafungulia mbuzi wa Kurui? Loo! Fabian, ficha sukari! Wameingia!"

"Shangazi..." Fabian alianza.

"Shikamoo yako ikalie, wewe mwizi wa mihogo! Na hicho kijogoo kikonda ndiyo zawadi? Baba yako alikufundisha kuja kwa watu na mifupa?" Akamnyang'anya jogoo. Kisha akavuta na ile kanga mpya mabegani mwake, akajitanda yeye, akajigeuza geuza mbele ya watu. "Hii imepata mwenyewe."

Firdausi alicheka. Evaline alicheka. Bi Biubwa alibaki amesimama na kigauni chake, mabega yako wazi, hajui aitupe wapi mikono.

"Dada yangu," alisema, "mimi ni Biubwa wa Abeid. Sisi ni ndugu. Babu zetu walikuwa ndugu."

Eugenia aliacha kucheza. Alimtazama tena, safari hii kwa makini, kama mtu anayechungulia kisimani.

"Ndugu? Nani kakwambia?"

Ndipo Bi Biubwa akaeleza. Akaeleza matusi ya baba yake na machozi ya kicheko. Akaeleza kaburi. "Mtu wa kwenu alitumbukia mle, akataka kuzikwa naye. Sijamsahau siku hata moja. Kila nikisali namwombea, na jina lake silijui."

Eugenia alianza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi mpaka Fabian akampigapiga mgongoni.

"Yule alikuwa baba yangu! Alilala kaburini anadai kuku! Utani huo, mwanamke! Wewe umekulia Uzaramo hujui utani? Maiti ya mtani haiendi bure. Unaingia shimoni, unalala, unasema hapa ni kwangu, nilipeni nitoke. Wakamlipa kuku wawili. Tulikula sisi, nakumbuka hata mchuzi wake."

"Utani naujua," alisema Bi Biubwa polepole. "Lakini nilikuwa mtoto, niko uani. Hakuna aliyeniambia."

"Ndiyo hivyo. Wa kwenu na wa kwetu ni watani, toka shambani."

"Na wazungu wale? Jina moja?"

"Jina!" Eugenia alikaa chini, fimbo katikati ya magoti. "Baba aliambiwa na mama yake, na mama yake alikuwa akimpikia Kesila, aliyasikia kwa masikio yake. Wazungu wale walijuana melini wakati wa kuja. Hawatoki mji mmoja. Mmoja akamwambia mwenziwe, wewe umeiba jina langu, na mwenziwe akajibu, wewe umeiba langu. Wakaishi hivyo, wakitembeleana wanatukanana. Wafanyakazi wao wakaona, wakaiga. Nao watoto wakaurithi. Halafu mimi nilimuuliza sista mmoja wa Kijerumani pale misheni, akaniambia jina hilo kwao ni la mafundi wa masufuria, wako tele huko kama akina Saidi hapa. Damu? Hakuna hata tone."

Jogoo alijikung'uta mikononi mwa Eugenia.

"Shangazi, si ungesema tangu niliposimulia habari za simu?" Fabian alinung'unika.

"Uliniuliza? Uliniambia wanakuja wa Kurui. Nikafurahi. Sijamtukana mtu wa Kurui tangu baba afe."

Bi Biubwa alimtuma Firdausi dukani akatazame rangi za kopo. Mtoto alipotoka, alisema lililomleta. Alilisema bila kupamba. Ugonjwa, daktari, mtoto. "Sikuja kutaka kitu. Nimekuja kutafuta pa kumweka huyu. Nilidhani nina nyumba."

Fabian alitoa kalamu sikioni akaitazama. Nyumba yote ilimtazama Eugenia, na Eugenia alitazama sakafu. Ucheshi wote ulikuwa umemtoka, akabaki kikongwe tu.

"Mtani hapewi yatima," alisema. "Si mimi niliyeiweka desturi hiyo. Mtani ana kazi yake, na kazi yake ni msiba. Nikimlea mtoto wa mtani, nitamtukana mpaka lini? Na nisipomtukana, mimi ni nani kwake? Kanisani tutamwita nani? Na nyie ni Waislamu."

"Shangazi, mambo hayo ya zamani," alisema Evaline. Sauti yake ilikuwa tamu na Bi Biubwa aligeuka kumtazama, moyo umeruka. "Mama, mimi naweza kukaa naye. Dada yetu wa kazi ameolewa, na mimi dukani nachoka. Atadeki, ataosha vyombo, ataniangalizia huyu wa mwisho. Kula atakula, kulala kuna godoro jikoni. Shule tutaona."

Alisema kwa wema. Hilo ndilo lililouma. Hakukuwa na ubaya wowote usoni mwake wa kumkasirikia.

"Nashukuru, mwanangu," alisema Bi Biubwa. "Firdausi anapenda kusoma. Nitafikiri." Na alipokuwa akisema nitafikiri alikuwa amekwisha simama.

Walikula wali, kwa sababu mgeni haondoki na njaa. Fabian alimpa nauli mkononi, hakumtazama usoni. Eugenia aliwasindikiza mpaka kituoni, kanga ya Bi Biubwa mabegani mwake.

"Hii sikurudishii," alisema.

"Najua. Ya mtani hairudi."

"Nikiletewa habari, nitakuja. Hata kwa kubebwa. Nitakaa mlangoni kwako nikuseme mpaka waliaji wanyamaze. Nitasema ulikuwa mchoyo, mvivu, umekuja kwangu na jogoo mfupa."

"Shimoni hutaingia, wewe mwanamke."

"Nitamtuma Fabian. Shimo litamkaba na hilo tumbo."

Bi Biubwa alicheka. Alicheka kweli, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, na mkono wake ukashika ubavu wa kulia mahali panapouma. Alikuwa ametafuta maisha yake yote mtu wa Pangani atakayemlilia. Amempata, na huyu atakuja kumcheka. Kisha msiba utakwisha, mkeka utakunjwa, mtani atapanda gari na kuku wake.

"Na mtoto?" aliuliza.

Eugenia alimgeukia mtoto. Akamshika Firdausi kidevu, akayatazama yale macho ya chai.

"Macho mabaya kama ya paka," alimwambia. Akageuka, akarudi na fimbo yake.

*

Walikaa kwenye benchi kusubiri gari. Firdausi alikuwa na kijiti cha kuchorea alichopewa dukani, ana rangi ya bluu kidoleni.

"Bibi, wale ni nani wetu?"

"Watani wetu."

"Tutarudi?"

"Watakuja wao."

Mtoto akaridhika. Akachora mstari wa bluu kwenye ubao wa benchi.

"Bibi, kile cha asubuhi sijapata jibu jingine. Sasa nakitega mimi. Kitendawili."

"Tega, mama."

"Ndugu wawili wanakaa jirani, tangu wazaliwe hawajatembeleana."

Bi Biubwa aliangalia barabara. Magari yalipita kwenda Dar, mengine yakipanda kwenda bara, yote yamejaa watu wanaokwenda kwa watu wao.

"Kimenishinda."

"Basi nipe mji!"

Siku zote katika mchezo wao bibi alikuwa akimpa Kibaha. Alimzoesha jina lenyewe taratibu, ili siku ikifika mtoto asilione geni. Kibaha iko nyuma ya mgongo wao sasa, na duka lake na vigae vyake.

"Nakupa Kurui."

"Kurui tunayo tayari, Bibi!"

"Pokea hiyo hiyo, mwanangu. Sina mji mwingine."

Firdausi alivuta pumzi kama afanyavyo mpewa mji, akajiweka sawa kama mtu mkubwa.

"Nikaenda Kurui, nikafika salama. Nikapiga hodi. Nikamkuta..."

Akasita, akatafuta nani wa kumweka. Bibi yake akamvuta kichwa, akakilaza mapajani, akaanza kuyafumua mabutu ya kwendea kwa watu aliyoyasuka asubuhi, moja baada ya jingine, ingawa hayakuwa yamelegea.