Kadi za Pole kwa Darasa la Nne

Wageni wanaoshuka kwenye ndege ya Jumanne hapa Funafuti, kisiwa chembamba katikati ya bahari kuu, hutuangalia kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Wanashika mkono wa bibi yangu kwa mikono miwili, wanaitazama bahari upande huu, wanageuka kuitazama upande wa pili, halafu wanasema pole. Bibi hana Kiingereza cha kutosha kuuliza pole ya nini. Huwapa dafu.

Bwana Fergal aliwapita wote. Yeye alilia.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Ayalandi, mrefu, umri wa miaka hamsini na kitu, shingo imeshaanza kuiva kwa jua kabla hajafika kivulini. Alisimama ukingoni mwa uwanja wa ndege na sanduku lake. King'ora cha kuwaondoa watu njiani mwa ndege kilikuwa kimenyamaza, ndege imeondoka, na watoto wamerudi kwenye lami kucheza mpira kama kila siku. Akawatazama, machozi yakamshuka hadi kidevuni.

Bibi yangu, Tepula, ana vyumba vitatu vya wageni nyuma ya kanisa, na siku hiyo tulikwenda wote wawili kumpokea. Alinivuta kando.

"Kafiwa huyu."

"Bibi, hajasema kitu."

"Mtu amesafiri siku tatu, hana mke, hana mtoto, anaona watoto wanacheza mpira analia. Unataka aseme nini tena? Nyinyi mliosoma Fiji mnangoja kila kitu kiandikwe ubaoni."

Kabla jua halijazama habari ilikuwa imeshazunguka kisiwa, na kisiwa chetu si kirefu. Kwetu mfiwa haachwi peke yake. Mjomba Semese alihamishia mkeka wake barazani, mlangoni kwa mgeni, akawa analala hapo. Majirani walikuja na magimbi ya tui, pono wa kukaanga, shelisheli la kuchoma. Kila mmoja alikaa kidogo, akamsimulia kisa cha kuchekesha kwa lugha yetu, akacheka mwenyewe, akampiga goti kwa kiganja, akaondoka. Bwana Fergal aliitikia kwa kichwa na kula kila alicholetewa. Siku ya tatu alinikuta nikisahihisha madaftari chini ya paa la jiko.

"Fialua, naomba nikuulize. Mjomba wako anafanya nini mlangoni kwangu?"

"Anakuondolea upweke."

"Upweke upi?"

Nikamweleza. Uso wake ukawa mwekundu kuliko shingo.

"Lakini hakuna aliyekufa."

"Basi siku ile ulikuwa unamlilia nani?"

Alitazama mikono yake. "Nyinyi," alisema.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nimerudi nyumbani Januari kwa hiari yangu mwenyewe. Wenzangu wengi niliohitimu nao walibaki Suva au walikwenda Auckland, na waliponiuliza kwa nini narudi niliwaambia nataka kufundisha Darasa la Nne. Walidhani natania. Nilikuwa naamini, na bado naamini, kwamba mtoto aliyefundishwa vizuri atajua la kufanya hata pale ambapo mwalimu wake hajui. Ni vigumu kushikilia imani ya namna hiyo mbele ya mtu anayekulilia ukiwa hai.

Akaenda chumbani, akarudi na bahasha kubwa.

"Wanafunzi wangu walitengeneza hizi," alisema. "Tumejifunza habari zenu muhula mzima. Niliwaahidi nitazitoa kwa watoto wa hapa kwa mkono wangu. Kama utaniruhusu, kesho, darasani kwako."

Zilikuwa kadi ishirini na mbili. Nyumba chini ya maji. Samaki wanapita madirishani. Mnazi umebaki kilele tu, na jua juu yake linalia. Ndani wameandika: Poleni kwa kisiwa chenu. Poleni sana, tunawaombea. Mnaweza kuja kukaa kwetu, tuna kitanda cha ziada lakini paka hulala hapo. Rangi zilikuwa zimekandamizwa kwa nguvu mpaka karatasi imeng'aa. Kama zingechorwa ovyo ningemrudishia pale pale. Lakini zilichorwa kwa upendo.

Nikamwambia nitafikiri.

Watoto wangu kumi na tisa wanayajua maji. Siku za bamvua kubwa, maji yanapojaa kupita kawaida, bahari haingii kwa kupita ufukweni tu. Inatoka ardhini, inabubujika kwenye matundu ya matumbawe katikati ya uwanja wa shule, vuguvugu, na wao wanavua viatu na kucheza ndani yake. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimewafundisha hesabu za sehemu, majina ya mabara, namna ya kuandika barua. Somo la maji nililiahirisha kila wiki. Nilijiambia natafuta picha zinazofaa, kumbe natafuta ujasiri. Sasa watoto wa upande wa pili wa dunia walikuwa wanakuja kuwaambia kabla yangu, kwa rangi, kwamba nyumba zao zimekwisha zama. Nikiwaza sura zao wakizifungua zile kadi, nilizirudisha kwenye bahasha.

Bibi alikuwa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Nikamwonyesha. Aliifuta mikono kwenye kanga yake, akazipitia moja moja, polepole, kama anachagua kitambaa.

"Nani amekufa hapa?"

"Hakuna, Bibi. Wanadhani tutakufa sisi."

"Na wao?"

"Wao vipi?"

"Wao hawafi?"

Akacheka mpaka mbuzi ikatikisika. Halafu akashika ile ya kitanda na paka, nikamtafsiria, akaiweka mapajani.

"Mtoto huyu ametoa kitanda," alisema. "Hajatuona hata siku moja."

"Ndiyo. Lakini nitamwambia Bwana Fergal hapana. Watoto watatishika."

"Watatishika wao au wewe?"

"Bibi!"

"Nauliza tu, usinune. Nilipokuwa na umri wa Sulu, maji hayakufika kwenye mabanda ya nguruwe. Sulu anayaona pale kila mwezi. Shimo la kupandia magimbi la kwao limeingia chumvi, baba yake kaenda kutafuta kazi melini. Unadhani yule mtoto hana macho? Anakungoja wewe useme, mwalimu mzima."

Sulu ni mwanafunzi wangu wa dawati la mbele, mtoto asiye na maneno mengi. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba hasemi kwa sababu hana la kusema.

Asubuhi nilimwambia Bwana Fergal aje, ila nitaongea mimi kwanza. Alisimama nyuma ya darasa, kichwa kikikaribia kugusa boriti. Mimi nikasimama mbele na karatasi yangu ya maneno niliyoyapanga, kisha nikaiweka chini.

"Maji yanapanda," nikasema. "Mmeyaona wenyewe. Wataalamu wanasema yataendelea kupanda. Si kosa letu, na si kosa la mababu zetu. Kuna watu wa hapa na wa mbali wanaofanya kazi ili tubaki. Sijui kama itatosha. Ningejua ningewaambia."

Kaitu, ambaye hajawahi kunyamaza zaidi ya dakika moja, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hayo tunayajua. Mgeni ana nini kwenye bahasha?"

Wakaangua kicheko, na mimi nikajikuta nacheka nao.

Tukagawa kadi, nami nikawatafsiria yaliyoandikwa ndani. Halafu kelele zikaanza.

"Wee, tazameni pono huyu! Ana kope kama mke wa mchungaji!"

"Wangu ni papa. Anaingia kwa mlango, kabisha hodi!"

"Mnazi gani huu? Huu mnanasi!"

"Mwalimu, mimi nimepewa kitanda! Lakini kuna paka."

"Mpishane, yeye mchana wewe usiku."

"Wanasema nini?" Bwana Fergal aliniuliza, mikono ameifumbata kifuani.

"Wanasema samaki wenu wana adabu sana."

Sulu hakucheka. Alikuja mezani kwangu na kadi yake, akaiweka mbele yangu, akaigeuza nione vizuri. Ilikuwa nyumba moja, maji yamefika kwenye paa, anga la buluu nzito. Hakukuwa na samaki wala jua.

"Mwalimu, watu wa nyumba hii wako wapi?"

Nilitaka kumwambia wamekwenda kanisani. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa.

"Sijui, Sulu."

"Aliyechora anajua?"

"Labda. Tumuulize mgeni."

Nikamwita Bwana Fergal. Alikuja akachuchumaa karibu na meza, na bado alikuwa mrefu kuliko Sulu. Nikamtafsiria swali. Aliichukua kadi, akasoma jina nyuma yake.

"Nuala," alisema. "Namkumbuka alipokuwa anaichora. Nilimwuliza swali hilo hilo. Aliniambia hajui mnafananaje. Aliogopa akichora watu atakosea, mtachukia. Kwa hiyo akaacha."

Nikamweleza Sulu neno kwa neno. Alifikiri.

"Kumbe hawajafa?"

"Hawajafa. Hakujua kuwachora tu."

"Basi." Akaichukua kadi mkononi mwa mgeni, akarudi kwenye dawati lake, akatoa penseli.

Alimchora mama yake kwanza, maji kifuani, mtoto mchanga begani. Akamchora bibi yake juu ya paa anavuta kamba. Kamba ile ilimfunga nguruwe, na nguruwe hakupenda. Baba yake alikuwa kwenye ngalawa, mbali kidogo, anapiga kasia kuja. Kaitu alichungulia, akaona, akalirudia dawati lake mbio na kuanza kuwatia watu kwenye nyumba yake ya papa. Haukupita muda darasa zima lilikuwa limeinama. Kichwa cha kila mtu kilijaa jamaa. Wengine waliishiwa nafasi wakawachora shangazi zao nyuma ya kadi.

Hakuna aliyefuta maji. Nilipita katikati ya madawati nikiangalia hilo hasa, na hakuna hata mmoja aliyejaribu.

Nilisimama kwa Sulu. "Wanafanya nini hawa?"

"Wanahamisha vitu."

"Wanapeleka wapi?"

"Sijaamua bado," alisema. "Karatasi imeisha."

Nikampa karatasi nyingine. Somo la hesabu la siku ile halikufundishwa, na mkuu wa shule alipopita dirishani akaona kimya cha namna ile, aliendelea na safari yake bila kuuliza.

Kengele ilipolia Bwana Fergal alimwendea Sulu, akaomba kwa ishara, akionyesha kadi, kisha mfuko wa shati lake. Alitaka kumpelekea Nuala.

Sulu aliikumbatia kadi kifuani. "Mwambie hapana. Ni yangu. Nimepewa."

Nikamwambia.

"Ana haki," alisema Bwana Fergal. "Ana haki kabisa. Lakini Nuala ataniuliza. Nitamwambia nini?"

"Mwambie mgeni achore nakala mwenyewe," alisema Sulu nilipomtafsiria. "Karatasi zipo."

Hivyo mwalimu wa Ayalandi akakaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka tisa, magoti yamefika masikioni, akaanza kunakili. Hakuwa hodari. Wenzake Sulu walibaki kumtazama badala ya kwenda kula.

"Bwana mgeni, huyo nguruwe au kochi?" alisema Kaitu, na kicheko kikamwambukiza hata mgeni asiyeielewa lugha.

"Mama yangu si mnene hivyo," alisema Sulu. "Mwambie, Mwalimu. Apunguze."

Akafuta, akapunguza. Alipomaliza jamaa wote wa nyumbani, dirisha la nyumba lilikuwa bado tupu, maana Sulu mwenyewe hakuwa amejichora. Bwana Fergal akagusa dirisha kwa ncha ya penseli, akamwuliza kwa nyusi.

Sulu aliangalia pembeni, halafu akaitikia kwa kichwa. Akasogea kwenye mwanga, akaweka nywele nyuma ya masikio, akatulia.

Bwana Fergal akainua macho, akamtazama. Akainama, akachora mstari mmoja, akamtazama tena kwa makini, kama mtu anayehofia kukosea pua.