Hakuna wa Kuniita Mjomba

Nimefika umri wa kung'oka meno bila kuitwa mjomba hata mara moja. Naitwa baba. Naitwa babu. Wenye adabu wananiita Bah Drolsing, na wasio nayo, wale vijana wanaoshinda dukani wakidhani masikio yangu yametangulia kufa, wananiita Mzee Moshi. Yote naitika. Mjomba ndilo jina nililolikosa, na katika milima hii ya Meghalaya mwanamume aliyelikosa hilo ni mgeni tu aliyekaa sana.

Usinionee huruma haraka. Nina binti, Daphira, nina wajukuu, nakula nashiba. Lakini nyumba ninayolala ilikuwa ya marehemu mke wangu, sasa ni ya Daphira, na ukoo wao ni wao. Kwetu mtoto ni wa mama. Mwanamume huenda kulala kwa mkewe, akazaa, akalima, akaezeka bati, na siku akifa huchomwa, mifupa yake ikafungwa kitambaa na kurudishwa kwa mama yake, kwenye jiwe la ukoo linalohifadhi mifupa ya wafu wao wote. Kwa mke ni kibarua wa heshima. Ubwana wake uko kwa dada yake, maana huko ndiye mjomba: binti haolewi, shamba haliuzwi, mpaka mjomba afungue kinywa. Mimi nilikuwa nimejiandaa vizuri kukifungua. Dada yangu Thrin hakujaliwa kuzaa.

Ukoo wetu haukuwa mkubwa tangu zamani. Bibi alisema lile tetemeko la enzi za Waingereza liliporomosha mlima mzima, nyumba mbili za ndugu zetu zikateremka na matope mpaka mtoni. Ikabaki moja, ng'ambo ya korongo hapa Laitsohum, yenye mipopoo nyuma na michungwa mbele. Thrin alipokwenda kutafuna tambuu nyumbani kwa Mungu, mvua za mwaka juzi, nyumba hiyo ikabaki bila mwanamke. Yaani ikabaki bila mtu.

Kwa hiyo kila asubuhi najivika ngao yangu ya mianzi mgongoni kukinga mvua, nateremka ngazi za mawe, navuka daraja lililosukwa kwa mizizi ya miti hai, napanda upande wa pili magoti yakinilaumu, nawasha moto katika mafiga ya mama yangu. Nyumba isiyofuka moshi katika mvua za huku huoza kama chungwa. Nakaa mle mpaka jua la mchana, kama lipo. Nazungumza na sufuria.

"Baba, umeolewa tena?" Daphira huniuliza nikirudi.

"Na nani?"

"Na ile nyumba. Kila asubuhi unachana nywele unaenda kwake."

"Inanipikia vizuri kuliko wewe."

"Haya, ikupe na wajukuu."

Hapo aligusa kidonda, na alijua, akaniongezea samaki mkavu sahanani ili nisinune. Nikifa kabla mwanamke hajakaa kwenye mafiga yale, nyumba imekufa. Ardhi inakwenda kwa chifu. Jiwe la ukoo halifunguliwi tena. Mama yangu mle ndani, Thrin, na mdogo wangu Bremly, hakuna wa kuwawekea hata punje ya wali, na mimi nabaki nje kama mbwa aliyechelewa kurudi. Njia ni moja. Ukoo ulioishiwa wanawake unaruhusiwa kumwita msichana wa kwingine, akae kwenye mafiga, awe mama wa nyumba. Wanaume waliobaki wanakuwa wajomba zake. Alibaki mwanamume mmoja, mimi.

Basi nikaanza kubisha hodi. Nilimwendea mama mmoja jirani, Kong Merisha, aliyejaaliwa mabinti nyumba nzima.

"Bah, hiyo nyumba ina mtandao?"

"Ina chemchemi."

"Basi mpe chura."

Wengine walikuwa wastaarabu zaidi, na hao ndio walionikera. Walinikaribisha tambuu, wakasikiliza, wakauliza shamba la mipopoo lina ukubwa gani, kisha wakasema binti anakwenda kusoma Bangalore. Mmoja alikubali kupokea shamba, ila wafu niendelee kuwatunza mwenyewe. Nilimshukuru kwa ukarimu wake.

Ni Daphira aliyelitaja jina, siku moja akimenya viazi. "Na Aihun?"

Aihun ni mtoto wa Bremly. Mdogo wangu alikuwa dereva wa lori la machungwa. Huko Shillong akampata Maya, mwanamke wa Kinepali aliyeuza maziwa, wakapendana. Hakuna aliyemkataza. Ila mtoto wa mama mgeni na baba wa kwetu hana ukoo. Upande wa baba haumhesabu, na upande wa mama hauko hapa. Bremly alipokufa, Maya na Aihun ndio walioileta mifupa. Mtoto alikuwa mdogo, mvua inamwagika, na kile kifurushi alikataa kumpa mtu yeyote mpaka walipofika kwenye jiwe. Thrin akakipokea. Akafungua, akaweka, akafunga. Halafu akampa tambuu kama apewavyo mgeni.

"Nitakuja kumtembelea," mtoto alisema.

"Hapa si mahali pa kutembelewa, mwanangu," Thrin akamjibu, kwa upole, maana ndivyo ilivyo.

Miaka imepita, Maya naye hayupo, Aihun anaoka mikate katika tanuri la watu huko Shillong. Nilimpigia simu. Nilijiandaa kueleza kwa kirefu, nikaishia kueleza nusu.

"Baba mkubwa," akanikatiza, "unajua watu wa kwetu wakikutana na mtu wanauliza nini kwanza?"

"Wa ukoo gani."

"Mimi huwa najibu kwamba nina haraka." Akacheka kidogo. "Nakuja."

Alikuja na begi moja na mkate mkubwa uliokuwa umelowa upande. Nilimpeleka ng'ambo. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Ingia, unangoja nini?"

"Mara ya mwisho niliishia kwenye jiwe."

Akavua viatu, akaingia, akapuliza moto wangu akasema nimeweka kuni kama mwanamume. Kweli, ulikuwa ukifuka tu. Aliupanga upya, ukawaka. Kisha akatafuta kisahani cha tambuu cha Thrin, akakata popoo, akapaka chokaa kwenye jani, akaniletea. Nilikipokea nikageukia ukutani kidogo. Tangu Thrin afe, tambuu ya nyumba ile nilikuwa najikatia mwenyewe.

Majuma yaliyofuata nilikuwa mtu mwingine. Navuka daraja nakuta moshi umenitangulia. Nakuta chai ya rangi, nakuta kelele: Baba mkubwa, paa linavuja, Baba mkubwa, hii sufuria ni ya enzi za Waingereza? Usiku alikuwa analala mle peke yake bila hofu. Aliniuliza habari za kila jiwe na kila mti, na hasa za baba yake: alikuwa anapanda mti gani, alilala kona ipi. Nikamwonyesha kona. Siku iliyofuata nikakuta mkeka wake umehamia huko. Niliona mkeka ule nikafurahi tu, mjinga mimi.

Bah Rostan, mzee wetu wa matambiko, alikuja siku moja kabla ya shughuli ya kumkalisha Aihun kwenye mafiga, kumweleza binti atakayoyafanya. Ni mtu mkavu lakini si mbaya.

"Nitamwaga pombe ya mchele chini, na wewe utawataja wafu wa nyumba na walio hai, kila mmoja na anavyokuhusu. Bibi. Mama. Wajomba. Ukimaliza, wewe ni mwanamke wa nyumba hii."

"Thrin ni shangazi yangu," Aihun akasema.

"Kuanzia kesho ni mama yako. Na huyu Drolsing ni mjomba wako."

"Na baba?"

Bah Rostan akanitazama kwanza. "Ndani ya ukoo hakuna baba, binti yangu. Drolsing na Bremly wamenyonya ziwa moja. Huyu akiwa mjomba, yule naye ni mjomba."

"Siwezi kumwita huyu mjomba na yule baba?"

"Ukimwita baba, wewe ni mtoto wa mwanamume wetu, na mtoto wa mwanamume yuko nje. Ni moja kati ya hayo mawili. Sikuyatunga mimi."

Aihun akasogeza kuni. Niliyajua hayo tangu awali, hakuna mtoto wa kwetu asiyeyajua, lakini sikuwa nimeyasikia yakisemwa mbele ya uso wake. Alipotuaga aliniambia, "Usijali, Baba mkubwa, nitasema." Nilirudi ng'ambo nikijipa moyo kwamba ni neno tu.

Asubuhi mvua ilipumzika, mpaka ukaona kule chini tambarare za Bangladesh zikimeta maji. Daphira alikuja na wali na nyama ya nguruwe, na majirani wawili watatu wa kushuhudia, pamoja na Kong Merisha aliyekuja kuona kama kweli. Aihun alikaa mbele ya mafiga, amejifunga shuka la Thrin la miraba begani. Bah Rostan akainamisha kibuyu. Pombe ikagusa udongo.

"Bibi Sngapmon," Aihun akasema. Huyo ni mama yangu.

Kibuyu kikainama tena.

"Mama Thrin."

Kikainama tena, na yeye akageuka akanitazama. "Mjomba Drolsing."

Nitasema ukweli wote. Lilinishuka kifuani nikahisi miguu imepata ardhi. Nilikuwa nimelisubiri neno lile tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na sasa limesemwa mbele ya mashahidi, kwa sauti safi, ndani ya nyumba ya mama yangu. Nilitamani alirudie. Kama ningekufa palepale nisingedai kitu.

Bah Rostan akainamisha kibuyu kwa mara ya mwisho. Aihun akafungua mdomo. Akaangalia ile kona yenye mkeka. Mikono yake ilikuwa imekutana mapajani, imeshikana hivi, kama iliyobeba kitu kisichotakiwa kulowa. Nikaijua mikono ile. Kong Merisha akakohoa. Nikaona midomo ya mtoto inajikunja kulitafuta neno, na nikaona atalisema. Kwa ajili yangu atalisema, na akishalisema hatakuwa na baba.

"Basi," nikasema. "Mwache."

Bah Rostan akainua kibuyu. "Drolsing, unajua unachofanya?"

"Najua."

"Nyumba itakufa."

"Itakufa."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Nje. Nimekwishazoea."

Hakuna aliyecheka. Daphira alianza kupakua wali, maana kwetu shughuli ikiharibika watu hula hivyo hivyo. Kong Merisha alikula sahani mbili.

Walipoondoka Aihun alinigeukia kwa hasira, machozi yanamtoka. "Kwa nini umenizuia? Ningesema."

"Najua ungesema. Ndiyo maana."

"Umenikosesha ukoo."

"Nimekukosesha. Mimi pia nimekosa, tuko sawa." Nikatafuta maneno, nami si mtu wa maneno laini. "Mtu anaweza kuzeeka bila kuitwa mjomba, mimi hapa shahidi. Lakini yule uliyembeba mwenyewe kwenye mvua, nikunyang'anye nimfanye mjomba wako, ili mimi nipate pa kulala nikifa? Hapana. Mwite unavyomwita."

Akajifuta uso kwa shuka la Thrin. Kisha akasema, kuielekea ile kona, si kunielekea mimi, "Baba." Akalia vizuri sasa, kilio cha mtoto, nami nikatoka nje nikatazama michungwa.

Aliondoka siku iliyofuata, tanuri la watu halisubiri. Nilimsindikiza mpaka darajani. Mvua ilikuwa imerudi, nikamvika ngao yangu.

"Siku yako ikifika," akasema, "nitakuleta mimi. Kama nilivyomleta yeye."

"Halafu? Nani atakupokea pale kwenye jiwe?"

Alifikiri. Wala hakunidanganya. "Nitakuweka kando yake, karibu kabisa. Nitakaa kidogo."

"Kaa kidogo," nikasema. "Kwaheri, mwanangu."

"Kwaheri, Baba mkubwa."

Alivuka, ngao ya mianzi ikapanda ngazi taratibu upande wa pili mpaka ukungu ukaifunika. Nikarudi juu, nimelowa chapachapa. Moto aliouacha ulikuwa bado unawaka vizuri, nikauongezea kuni nilivyomwona akifanya. Mkeka wake aliuacha kwenye kona.

Nilikaa mbele ya mafiga. Nikakiteremsha kisahani cha Thrin, nikakata popoo, nikapaka chokaa kwenye jani, nikakunja. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata jirani asingenisikia, kwa hiyo nikasema kwa sauti:

"Karibu tambuu, mjomba."

Nikanyoosha mikono yote miwili, nikapokea.