Kumbukumbu ya Wafu Chini ya Mierebi

Mimi si mzaliwa wa mji huu mdogo wa Strelkovo. Nilipita nikiwa njiani kwenda kwingine, mguu ukavimba, nikatibiwa na Zdravka aliyekuwa muuguzi wa zahanati, na mguu ulipopona nikajikuta bado nipo. Sasa ni miaka kumi na moja. Sijawahi kukaa popote muda mrefu hivyo.

Zdravka ndiye mwenye Jumamosi zetu. Tangu mafuriko yalipobeba daraja la zamani, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi anakusanya watu ukingoni mwa mto. Tunazoa uchafu ulioletwa na maji, tunapanda mierebi ili udongo usizidi kumomonyoka, halafu tunapika maharagwe kwenye sufuria kubwa na anayepita anakula. Wanakula wastaafu ambao pensheni imeishia kwenye dawa, wanakula walevi, na mbwa wasio na wenyewe wanapata mkate uliochovywa mchuzini. Hakuna anayelipwa. Mierebi imefika mia moja na arobaini, na mingine ukiikumbatia mikono haikutani.

Mwaka huu meya, Valko Tonchev, aliamua pale pawe maegesho ya magari. Karatasi mbili zilibandikwa mlangoni pa ofisi yake. Ya kwanza ilikuwa kibali cha kukata miti, kuanzia Jumanne, kwa siku kumi tu, maana baada ya hapo ndege wanaatamia na msumeno hauruhusiwi mpaka vuli. Ya pili ilisema mkusanyiko wowote wa watu zaidi ya kumi ukingoni uombewe ruhusa. Ruhusa yenyewe anaitoa meya.

Jumapili tulijazana jikoni kwa Zdravka. Mmoja akataka tujifunge minyororo kwenye miti, mwingine akataka tuandike barua serikalini Sofia, na mimi nikasema nimeona minyororo mingi na barua nyingi katika nchi nyingi, na miti ilikatwa tu. Zdravka hakuwa akitusikiliza. Alikuwa akiisoma ile karatasi ya pili kwa mara ya tatu. Akasema imetaja mikutano, sherehe na maandamano. Kumbukumbu ya wafu haimo.

Hapa kwetu mtu akifa, tangazo lake lenye picha na ukingo mweusi hubandikwa milangoni, kwenye nguzo na kwenye miti. Siku ya arobaini hubandikwa tena, na miezi sita, na mwaka, na kila mwaka familia ikipenda. Wafiwa hugawa ngano ya kuchemsha yenye sukari na kokwa za jozi. Ukipewa unasema "Mungu amsamehe," unakula. Hukatai. Nimeona watu wakikataa amri ya hakimu, sijaona aliyekataa ile ngano.

Jumanne asubuhi mtambo wa kukatia miti ulipofika, kila mwerebi ulikuwa na picha ya Asen, marehemu mume wa Zdravka, na masharubu yake. Asen mia moja na arobaini wakimtazama dereva. Dereva aliitwa Rumen, mtu wa mji wa jirani. Alizima injini, akashuka, akafuta mikono kwenye suruali, akapokea ngano, akasema maneno yanayosemwa. Kisha akauliza kwa adabu kumbukumbu itaisha saa ngapi. Zdravka akamwambia marehemu alikuwa na mengi ya kukumbukwa.

Mchana akaja meya mwenyewe.

"Zdravka, hii ni kumbukumbu au ni mkutano?"

"Kula kwanza, Valko, halafu uniulize."

Akala. Angefanyaje? Watu sitini walikuwa wanamwangalia mdomo.

"Haya, nimekula. Na kesho?"

"Kesho ni mama yake Ginka wa duka la mikate. Keshokutwa bawabu wa shule. Mji huu umejaa wazee, Valko. Wafu tulio nao ni wengi kuliko siku ulizo nazo."

Ikawa hivyo kweli. Watu walianza kugombania siku. Ginka na dada yake hawakusemezana tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu ya nani ashike kijiko cha kugawia. Petko fundi bomba alimkumbuka mama mkwe wake, akauliza kama ni lazima amsifu. Akaambiwa anyamaze, agawe tu mkate. Na kwa kuwa hakuna anayemwandalia marehemu wake kumbukumbu jalalani, kila familia ilitangulia kusafisha sehemu yake. Waliokuwa wakitucheka Jumamosi zote za nyuma sasa walikuwa majini hadi magotini, wakivuta matairi. Siku ya tano Rumen alikuja na picha ya baba yake, akaomba mti mmoja, mdogo tu.

Meya hakupiga kelele. Alipita kila siku, akala kijiko kimoja, akatabasamu, akaondoka. Lile tabasamu halikunipendeza, lakini sikujua sababu yake.

Sababu tuliijua siku ya tisa. Jioni Zdravka alikwenda kwa Padri Metodi kumwomba kesho yake asome sala ya mwisho, zamu ya marehemu tarishi wa zamani wa mji. Padri akamtazama kama anayemtazama mtu aliyesahau jina lake mwenyewe. Kesho, akasema, ni Alhamisi Kuu. Kuanzia kesho mpaka Jumapili ya Tomaso, wiki moja baada ya Pasaka, hakuna kumbukumbu ya wafu, hata ya askofu.

Tulikuwa tumezihesabu zile siku kumi kwa mkaa ukutani, watu wazima tupu, na hakuna aliyeziweka kando ya kalenda ya kanisa. Jambo linalojulikana na kila mtu, hakuna anayelitaja. Tena Alhamisi Kuu ndiyo siku kila mwanamke yuko nyumbani anapaka mayai ya Pasaka rangi nyekundu. Meya alikuwa ameyajua yote hayo tangu siku ya kwanza.

Nilimwambia Zdravka abandike tangazo hivyo hivyo, tarishi hatalalamika. Alinikatalia.

"Asen nilimtumia katika siku yoyote, kwa sababu ni haki yake kukumbukwa siku yoyote. Kesho si siku ya wafu. Nikianza kuwasingizia wafu, nimebaki na tofauti gani na Valko?"

Alfajiri tulikuwa wanne. Matangazo tuliyabandua wenyewe, mti hadi mti, na mierebi ikabaki mitupu. Mtambo ukawaka. Zdravka akakaa chini ya mti wa kwanza, mgongo kwenye gome, nasi tukakaa chini ya mingine ya jirani. Wanne kwa mia moja na arobaini. Hata mimi ninayejua hesabu za vidole tu niliona hazitoshi.

Ndipo nikaona moshi upande wa duka la mikate. Ginka alikuwa anakuja na jiko la mkono, sufuria, trei ya mayai na chupa ya siki. Nyuma yake dada yake, wakiwa bado hawasemezani. Nyuma ya dada, mtaa mzima. Mayai lazima yapakwe leo, Ginka alinieleza huku akitafuta pa kuweka jiko, lakini hakuna popote palipoandikwa kwamba lazima yapakwe jikoni. Kila mwanamke akachagua mti wake. Wanaume walibeba kuni.

Meya alifika na polisi Plamen, kijana ambaye Zdravka alimchoma sindano zake zote za utotoni. Plamen akafungua daftari, akauliza sababu ya mkusanyiko.

"Leo hakuna aliyekufa," Zdravka akasema. "Leo hatuna kisingizio. Andika kwamba tumekuja kuwazuia."

"Shangazi, niandike hivyo kweli?"

"Andika, mwanangu. Na majina yote. Anza na langu, pamoja na la baba yangu."

Watu wakapanga foleni kuandikwa, mikono myekundu hadi viwikoni. Mimi kwa miaka hamsini, katika nchi saba, nimekuwa nikitoka kwa mlango wa nyuma polisi wanapoingia wa mbele. Siku ile nilisimama kwenye foleni nikamtajia Plamen jina langu herufi kwa herufi, na alipokosea nikamrekebisha.

Meya alimwamuru Rumen asogeze mtambo. Rumen akatoa ufunguo, akamnyooshea. Akasema mtambo unaweza, yeye hawezi, na kama mheshimiwa anajua kuendesha, apande. Meya aliutazama ule ufunguo kwa muda. Hakuupokea.

Plamen anaandika polepole, na huwezi kumwondoa mtu ambaye hujamwandika. Saa nane daftari lilijaa, likaletwa la pili. Kibali kilipoisha jioni alikuwa kwenye jina la tisini na saba, na hakuna mwerebi uliokuwa umeguswa. Meya akamwambia Zdravka kwamba vuli itafika na kibali kingine kitatoka.

"Kitoe," akajibu. "Majina yetu unayo."

Kesi ni mwezi ujao, washtakiwa tisini na saba. Korti ya Strelkovo ina viti thelathini. Zdravka ameshakwenda kuuliza kama inaruhusiwa kuingia na sufuria.