Chombo Kisichofuta

Ngumi ya pili ndiyo iliyoning'oa jino. Ya kwanza sikuiona. Nilisikia tu kiti kikianguka, nami juu yake.

"Nakuuliza, hicho chombo chako kinafutaje?"

Aliyeuliza ni shemeji, mume wa dada yangu, msimamizi wa kiwanda cha mbao ambako mimi nilikuwa mtunga programu.

"Hakifuti," nikamjibu, nikitema damu. "Ukikosea, unaandika tukio jingine la kusahihisha. La kwanza linabaki."

Miezi mitatu kabla, msumeno mkubwa ulimkata mkono fundi tuliyemwita Mcheshi. Nilikuwapo. Mkono uliangukia kwenye unga wa mbao, vidole vikichezacheza, naye akautazama kama wa mtu mwingine. Nilipofungua programu ya kumbukumbu za mitambo niliyoiunda mwenyewe, nikakuta neno moja tu kuhusu kinga ya msumeno, kile kifuniko cha kuzuia mikono: "imefungwa." Programu ile ilitunza hali ya mwisho peke yake, na shemeji alikuwa ameirudisha kinga damu ikiwa bado ya moto. Mcheshi akafukuzwa kwa uzembe. Nilijua kinga ilikuwa ikifunguliwa ili kazi iende mbio, lakini kujua si ushahidi.

Tajiri, mwenye kiwanda, aliponiagiza nitafute chombo kipya cha kutunzia kumbukumbu hizo, nilijaribu vitatu. Viwili vilikuwa vyepesi, ila mwenye nywila angeweza kugeuza ya jana. Cha tatu kilinitoa jasho kukielewa; lakini kila tukio liliingia na saa yake na jina la aliyelifanya, na likishaingia halitoki. Nikachagua hicho. Asubuhi ya ngumi zile kilikuwa kimeshaandika mara nne: kinga imefunguliwa. Jina, la shemeji.

Shemeji akachukua nyundo, akaiponda kompyuta yangu. "Haya, soma sasa!"

Matukio yote yalikuwa yameshafika kwenye mashine ya ofisini kwa tajiri. Ningemwambia hivyo, yangeisha. Badala yake niliokota ubao, nikampiga mkononi, nikasikia mfupa ukivunjika. Alipokuwa chini, nikampiga tena. Pigo hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kesho yake dada alikuja wodini. Hakunilaumu, wala hakunipa pole. Alinivua shati lenye damu, akanivika safi, akafunga vifungo kimoja kimoja.

"Tajiri ameyasoma matukio. Mcheshi wamemwita," nikamwambia. "Wanamtaka radhi."

"Nimesikia." Akalikunja lile shati chafu, akalitia kwenye mkoba wake. "Shemeji yako yuko wodi ya pili. Nikitoka hapa naenda kwake."