Sauti za Baba ndani ya Simu Iliyogoma

Nimekuwa fundi redio kwa miaka ishirini na sipendi kufundishwa. Ndiyo maana nilipoichomeka simu ya Baba kwenye kompyuta nikaona folda tupu, nilibadilisha waya mara tatu, kisha nikawatangazia ndugu zangu kwamba sauti zake zimepotea.

Baba alizirekodi miaka minne iliyopita, kabla ya kufanyiwa upasuaji wa koo. Alijua hatazungumza tena, basi kila asubuhi akawarekodia wajukuu kwenye simu kisa kimoja cha ujana wake, akavitunza visa hivyo mpaka wapate akili za kusikiliza. Wiki hii simu ikaanguka. Picha inaonekana, ila kioo hakisikii kidole. Nilipotoa tangazo langu, Baba aligeukia ukutani. Iliniuma.

Shemeji, mke wa mdogo wangu, ana duka la fotokopi. Aliniuliza kama niliifungua simu kwanza. Nikamjibu kwa ukali kwamba waya ni waya. Akanieleza taratibu kwamba flashi ukiichomeka tu inatoa kila kitu, lakini simu husubiri mwenyewe abonyeze ruhusa kwenye kioo. Asipobonyeza, kompyuta huonyeshwa folda tupu.

"Faili zipo, shemeji," alisema. "Mlango tu ndio umefungwa."

Kwenye tundu la simu akachomeka kifaa kidogo chenye matundu mawili, na humo akachomeka mausi. Mausi, kwenye simu! Nilitaka kucheka, mara mshale ukatokea kwenye kioo. Baba akaandika namba yake ya siri kwenye karatasi, shemeji akaibofya tarakimu moja moja. Kwenye tundu la pili akaweka flashi, akaiacha simu inakili yenyewe bila kompyuta. Faili arobaini na moja, na mimi nimeshika kiuno. Yule dada ana akili mpaka za kugawa, na nilimwambia hivyo mbele ya watu wote.

Akahamishia flashi kwenye kompyuta, akafungua faili ya kwanza. Sauti ya Baba ikajaa chumbani, nzito, akijichekea mwenyewe kabla kisa hakijafika popote. Wajukuu wakasogea. Mdogo wao, ambaye hajawahi kumsikia babu yake, akauliza huyo anayesema ni nani.

Baba akajipiga kifuani kwa kiganja, mara mbili.