Luhaga Hajafika Chini

Mkandarasi Mashimba alikuwa anachovya chapati kwenye chai ya rangi, na Adventina alikuwa anamweleza, kwa mara nyingine, kwamba bima ya jengo si bima ya kila anayelijenga. Walikuwa wamekaa juu ya matofali kwenye saiti ya Mirongo, mjini Mwanza, ambako ghorofa la mfanyabiashara mmoja wa minofu ya sangara lilikuwa linapanda.

Adventina aliipenda kazi yake. Zamani bima iliuzwa na serikali peke yake, na watu waliinunua kama walivyonunua stempu, bila kuuliza. Sasa kampuni za watu binafsi zilikuwa zimeingia mjini, na wakala wa bima aliyemwajiri, mzee Rweyemamu, alimtuma kwa wakandarasi awafafanulie wanalipia nini. Alikuwa amefundisha shule ya msingi huko Bukoba, akajua namna ya kumweleza mtu jambo mpaka likamwingia.

"Ukuta ukianguka, umo," alisema. "Mashine ikiungua, imo. Mpita njia akiangukiwa na tofali, yumo."

"Na watu wangu?"

"Mafundi uliowaajiri kwa majina, wamo. Vibarua unaowachukua asubuhi getini, hawamo. Nilikushauri tuwaongeze, ukasema tungoje."

"Tungoje," Mashimba alisema.

Hapo mrunda mmoja, mti ulioshikilia jukwaa la mafundi, ukakatika. Kibarua aliyeitwa Luhaga, kijana wa Bujora, akaanguka pamoja na karai lake la zege. Karai lilifika chini. Luhaga hakufika. Alibaki hewani, juu kidogo ya vichwa vya watu, mikono imetanuka, makatambuga yakining'inia miguuni. Zege liliruka mpaka kwenye kikombe cha Mashimba, naye akamwaga ile chai, akamimina nyingine.

"Umeumia?" nyapara aliuliza.

"Bado," Luhaga alijibu. Kisha akamtazama Adventina. "Mama, nimesikia ulivyokuwa unaeleza. Mimi nikifika chini, nimo?"

Mashimba alimwinamia Adventina sikioni. "Mwambie yumo. Ashuke, kazi iendelee."

Adventina aliona ni jepesi kulisema. Akaona pia wodi ya majeruhi, na huyu kijana amelala humo mguu umevunjika, akiwauliza manesi yule mama wa bima atafika saa ngapi.

"Wewe humo, baba," alisema.

"Basi ngoja nikae kwanza," Luhaga alisema.

Ofisini, mzee Rweyemamu alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Fidia hulipwa mtu akiumia," alisema. "Huyo hajaumia. Na akiumia, hayumo. Ila akimwangukia mtu mwingine, huyo mwingine yumo. Mwambie Mashimba azungushie mabati."

Mabati yakazungushwa. Mafundi walijaribu kumvuta Luhaga kwa kamba, asisogee hata kidogo, kama nguzo iliyokwisha kumwagiwa zege. Wakamwacha, wakaitumia kamba hiyo kumpandishia chakula.

Mkewe, Kija, alikuja kutoka Bujora akiwa na mimba kubwa. Alimwamkia mumewe, "Mwangaluka," naye akaitikia kutoka juu. Alipokwisha kumpelekea ugali na dagaa, alimfuata Adventina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Wanasema wewe ndiye unayejua mambo haya. Kuna siku atakuwemo?"

"Mkandarasi akikubali, na kampuni ikikubali."

Mashimba alikataa. Alisema akimwingiza huyu mmoja atalazimika kuwaingiza wote, na hakuna mkandarasi Mwanza nzima aliyefanya hivyo. Adventina akaenda kwa mzee Rweyemamu, naye hakufurahi kumjibu. "Hata Mashimba angekubali," alisema, "kampuni haimkatii bima mtu ambaye ameshaanza kuanguka."

Mvua za Elinino zikaja. Mto Mirongo ulifurika, saiti ikajaa tope, na Adventina akanunua turubai, akaomba mafundi wamrushie Luhaga. Kijana alijifunika nalo. Ndevu zikamwota. Ghorofa lilipoendelea kupanda, mhandisi aliisogeza ngazi pembeni, akaacha uwazi katikati ya jengo, Luhaga akabaki humo. Siku nyingi Adventina alikaa na chai yake ikapoa, akijiuliza kama neno moja la uongo lingekuwa limemrudisha kijana yule nyumbani. Hata hivyo, kila alipomkuta, Luhaga alimwuliza habari za kazi, wala hakumlaumu.

Mzee Rweyemamu ndiye aliyegundua kwamba wakandarasi wanaelewa upesi zaidi wakimwona. Wakaanza kuletwa, wa Nyakato, wa Igoma, wengine wakivuka na kivuko kutoka Kamanga. Adventina aliwasimamisha nje ya mabati na kuwaeleza. Ukuta huu umo. Mashine ile ya kuchanganyia zege imo. Huyu hayumo.

"Na akitushukia sisi hapa?" mmoja wa Kamanga aliuliza.

"Ninyi mmo."

Walicheka, roho zikawatulia. Hakuna aliyetoka pale bila kuelewa. Walikata bima za kuta zao na mashine zao, na kila mmoja, Adventina alipomtajia vibarua, alisema tungoje.

Jengo lilipokwisha, mabati yalitolewa na kibaraza cha ghorofa ya kwanza kikawa karibu na kichwa cha Luhaga. Hapo ndipo Kija alipokuja na mtoto, akapiga magoti, akamshusha taratibu mpaka mikononi mwa baba yake. Luhaga alimpakata kwa muda mrefu. Mtoto alilala. Wapangaji walipita na masanduku yao, wakimsalimia.

"Nimwite nani?" Kija aliuliza.

"Mwite Ngosha," Luhaga alisema. "Na uangalie mtakula nini. Mimi bado nipo nipo."

Ulipofika msimu wa kiangazi, Mashimba alianza ghorofa lingine upande wa pili wa barabara, refu kuliko la kwanza. Adventina alikwenda asubuhi kumweleza bima yake mpya. Mashimba hakuhitaji kuelezwa tena. Alizitaja mwenyewe kuta, mashine na wapita njia, bila kukosea, na alipofika kwa vibarua aliwaruka.

Adventina alipogeuka, alimwona Kija kwenye mstari wa vibarua, mtoto mgongoni, ndoo ya maji kichwani.

"Shikamoo mama," Kija alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Adventina alisubiri aulizwe. Alikuwa tayari kujibu, na jibu alikuwa nalo, lile lile. Lakini Kija hakuuliza. Aliikaza mbeleko kwa mkono mmoja, akaishika mirunda kwa mwingine, akaanza kupanda.